Je, Sote Tunaiona Fremu Moja?

Nilipoteza karibu saa nzima kwa sababu ya tarakimu moja. Tulikuwa wawili kwenye simu, kila mmoja mbele ya kompyuta yake, tukikagua klipu fupi ya uhuishaji ambamo mkono wa mhusika ulipaswa kugusa kikombe kabla kikombe hakijaanza kuanguka. Mwenzangu alishikilia kwamba kwenye fremu ya 43 (fremu ni picha moja tulivu kati ya zile zinazounda video) vidole bado havijafika. Mimi nilikuwa nimeigandisha fremu ya 43 hiyo hiyo, na vidole nilikuwa naviona vimekwisha gusa. Tulibishana kwa adabu, kisha kwa adabu iliyopungua kidogo, mpaka mmoja wetu alipopata wazo la kurudi mwanzo kabisa wa klipu na kusoma namba iliyoandikwa pale. Kwake iliandikwa 1, kwangu 0. Hakuna aliyekuwa na makengeza. Programu zetu mbili zilikuwa zinaanzia kuhesabu mahali tofauti.

Tangu siku hiyo, kila programu ya kukagua na kuchezesha video inapotangaza toleo jipya, orodha ya vipengele vyake naisoma kwa jicho jingine. Orodha hizo zimerefuka, na lugha yake inafanana popote uendapo: kasi zaidi, akili mnemba, kazi ya pamoja, hifadhi ya mtandaoni. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Ninachodai ni kwamba programu ya kukagua video ina kazi moja inayotangulia nyingine zote, nayo ni kuhakikisha kwamba watu wawili wanaozungumzia picha wanazungumzia picha moja: fremu ile ile, rangi ile ile, sauti inayoangukia mahali pale pale. Kipengele kinachoimarisha uhakika huo kinastahili kupokewa hata kama hakina mvuto wowote, na kinachoudhoofisha kinastahili kutiliwa shaka hata kama kinapendeza machoni.

Inafaa kwanza kutenganisha kutazama na kukagua, kwa kuwa programu nyingi huzichanganya kazi hizi mbili, na matatizo mengi huzaliwa hapo. Mtu anayetazama filamu usiku hataki isimame. Kompyuta ikielemewa, programu yake huruka fremu moja mbili kimyakimya ili picha isiachwe nyuma na sauti, na huo ni uamuzi wa busara kabisa. Mkaguzi anataka kinyume chake. Fremu iliyorukwa huenda ndiyo yenye kasoro anayoitafuta, na kwake programu inayoruka bila kusema ni mbaya kuliko inayokwama, kwa sababu inayokwama angalau imekiri kwamba imeshindwa.

VLC ni mfano mzuri wa tofauti hii, na nautaja bila kuilaumu. Ni programu ya watazamaji, na watazamaji wameipenda: mnamo Januari 2025 shirika la VideoLAN linaloitengeneza lilitangaza kwamba imeshapakuliwa mara bilioni 6. Katika toleo la 3, lililotoka mwaka 2018, ukibonyeza herufi E video inasogea mbele kwa fremu moja. Kitufe cha kurudi nyuma kwa fremu moja hakikuwekwa. Watu wengi hudhani huo ulikuwa usahaulifu au uvivu wa watengenezaji, lakini sababu yenyewe imejificha ndani ya namna video inavyobanwa, na anayeielewa sababu hiyo ataelewa nusu ya vipengele vipya vinavyotangazwa leo.

Kodeki (kanuni za kubana na kufungua video) tulizozoea, yaani H.264 ya mwaka 2003, HEVC ya 2013 na AV1 ya 2018, hazihifadhi kila fremu kama picha kamili. Zinahifadhi fremu kuu moja nzima, kisha fremu zinazofuata zinaelezwa kwa tofauti zake tu: hiki kimesogea kushoto, kile kimefifia, pale hapajabadilika. Baadhi ya fremu hutegemea hata zile zilizo mbele yake. Kwenda mbele ni rahisi, kwa maana kila hatua inajengwa juu ya iliyotangulia. Kurudi nyuma ni kazi nyingine kabisa. Programu inabidi irudi hadi kwenye fremu kuu iliyo karibu, ianze kujenga upya moja baada ya nyingine, na isimame hatua moja kabla ya pale ulipokuwa. Programu ya x264, ambayo watu wengi huitumia kubana video, isipoelekezwa vingine huruhusu umbali wa hadi fremu 250 kati ya fremu kuu moja na nyingine. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 10 nzima. Kwa hiyo kidole kinachogusa kitufe cha kurudi mara moja kinaweza kuwa kinaagiza zaidi ya fremu mia mbili zifunguliwe upya, na mtu akishangaa kwa nini kompyuta imevuta pumzi, jibu ndilo hilo. Programu ya mpv, ambayo ina kitufe cha nukta cha kwenda mbele na cha mkato cha kurudi, inakubali kuifanya kazi hiyo na kubeba gharama ya ucheleweshaji wake.

Ndiyo sababu ninapoona kwenye orodha ya toleo jipya maneno ya kawaida kabisa kama vile «uchezeshaji laini wa kinyumenyume», huwa natulia hapo kabla ya kuendelea na vinavyong'aa. Maneno hayo yana maana kwamba mtu amekaa chini akaandika utaratibu wa kuzihifadhi kwenye kumbukumbu fremu zilizokwisha kufunguliwa, akapanga zipi zitupwe na zipi zibaki, akahakikisha kwamba anayeshikilia kitufe cha J ili arudi nyuma anapata mwendo ule ule anaoupata anayeshikilia L kwenda mbele. Ni kazi ya miezi, na picha yake haiwezi kubandikwa kwenye tangazo. Kwa mhariri anayetafuta fremu ambayo mpira unaacha mguu, au mhuishaji anayetaka kuona kama uzito wa mwili umehama kwa wakati, hicho ndicho kipengele atakachokigusa mara mia kwa siku. Si ajabu kwamba wahariri wameendelea kuvumilia mafaili makubwa ya ProRes, kodeki ambayo Apple iliitoa mwaka 2007 na ambayo kila fremu yake inajitegemea: wanalipa kwa nafasi ya diski ili wapate uhuru wa kusimama popote.

Hesabu ya kumbukumbu inaamua mengi hapa, na inashangaza jinsi matangazo yanavyoikwepa. Chukua picha ya 4K yenye pikseli 3840 kwa 2160, yaani pikseli 8,294,400. Ikiwa kila pikseli ina rangi tatu na kila rangi imehifadhiwa kwa biti 16, kama ilivyo kawaida katika faili za OpenEXR, muundo ambao kampuni ya Industrial Light & Magic iliutoa kwa umma mwaka 2003, fremu moja ikishafunguliwa inakalia karibu megabaiti 50. Kwa fremu 24 kila sekunde, hiyo inakaribia gigabaiti 1.2 kwa sekunde. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64, hata kama ingeitoa yote bila kuubakizia mfumo wenyewe chochote, isingebeba dakika moja ya video hiyo. Hakuna ujanja wa programu unaofuta hesabu hii. Kuna ujanja wa kuishi nayo tu. Programu nzuri humruhusu mkaguzi aweke alama ya mwanzo na mwisho ya kipande anachokitaka, kisha ihifadhi kipande hicho pekee, na huonyesha kwa mstari mwembamba chini ya picha ni sehemu gani imekwisha kuingia kwenye kumbukumbu na ipi bado. Mstari huo, mwembamba kama uzi, kwangu una thamani kuliko menyu nzima ya vichujio, kwa sababu unaniambia lini niamini mwendo ninaouona na lini nisubiri.

Kuna njia nyingine ya kuikimbia hesabu hiyo, nayo ni nakala nyepesi: programu inatengeneza toleo dogo la video na kulichezesha badala ya lile la asili. Kwa kupima mwendo, uigizaji au mpangilio wa matukio, nakala nyepesi inatosha kabisa. Kwa kukagua kingo, chembechembe za picha au usafi wa rangi, ni mtego. Niliwahi kupitisha klipu ambayo mhusika alikuwa na mstari mweusi wa upana wa pikseli moja uliomzunguka bega zima. Mstari huo sikuuona kwa sababu nilikuwa nakagua nakala nyepesi bila kujua. Programu ilikuwa imebadilisha yenyewe ilipoona mtandao umezidiwa, na dalili pekee ya mabadiliko hayo ilikuwa maandishi madogo ya kijivu kwenye kona ambayo nilipaswa kuyatafuta ndipo niyaone. Tangazo la kipengele hicho lilikuwa limesema kwamba mtumiaji hatahisi tofauti yoyote. Nami kweli sikuihisi.

Kuhusu fremu zinazorukwa, dawa yake ni rahisi na haina visingizio: programu iwe na hali mbili zinazojitangaza, moja ya kuchezesha kila fremu hata kama mwendo utapungua, nyingine ya kulinda mwendo hata kama fremu zitarukwa, na katika hali zote mbili iwe na kihesabu kinachoonekana cha zilizorukwa. Hata hapo kuna jambo lisilo mikononi mwa programu. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na 24 haigawanyi 60 sawasawa, kwa hiyo fremu moja hukaa kwa michoro miwili ya skrini na inayofuata kwa mitatu, yaani takriban milisekunde 33 kisha 50. Mkaguzi mwenye jicho kali ataona kamera inayosogea taratibu ikitetemeka na atamrudishia mhuishaji kazi isiyo na kosa. Programu zinazoweza kuiomba skrini ibadili mwendo wake ili ulingane na wa video zinastahili pongezi, na zisizoweza zingefaa angalau kuonya.

Hata hivyo, uwanja wenye mitego mingi kuliko yote ni hesabu ya wakati. Fremu 24 kwa sekunde na fremu 23.976 kwa sekunde huandikwa zote mbili kama «24» katika programu zisizojali, na asili ya tofauti hiyo ni ya zamani: televisheni ya rangi ilipopitishwa Marekani mwaka 1953, mwendo wa fremu 30 ulipunguzwa kidogo hadi 29.97 ili ishara ya rangi isigongane na ya sauti, na punguzo hilo la moja kwa elfu limeturithisha usumbufu mpaka leo. Moja kwa elfu inasikika kama si kitu. Lakini mtu akiandika maoni yake kwamba kuna kasoro kwenye dakika ya 10, na mwenzake akaifungua video ile ile katika programu inayohesabu kwa mwendo mwingine, watakuwa wameachana kwa fremu 14. Fremu kumi na nne zinatosha mlango kufunguka na kufungwa.

Kisha kuna msimbo wa saa wa televisheni, yaani namba ya saa, dakika, sekunde na fremu ambayo kila fremu hupewa, wa aina inayoruka namba. Kwa kuwa msimbo huhesabu fremu 30 kwa sekunde ilhali zinazopita kweli ni 29.97, walioupanga waliamua kwamba kila dakika inapoanza namba mbili za kwanza za fremu, 00 na 01, zirukwe, isipokuwa katika kila dakika ya kumi; kwa saa moja huachwa namba 108, ambazo ndizo sekunde 3.6 zinazokosekana. Fremu zenyewe hazipotei hata moja, kinachorukwa ni majina yake tu, na bado nimekutana na wakaguzi wenye uzoefu wakiripoti fremu zilizopotea kwa sababu waliona namba inatoka 29 na kuangukia 02. Siwalaumu. Programu iliyowaonyesha namba hizo ingeweza kuwaambia kwa alama moja kwamba huu ni msimbo unaoruka, na mingi ya mizozo hiyo isingezaliwa.

Simu za mkononi zimeongeza mtego wa tatu. Nyingi hurekodi kwa mwendo unaobadilika, zikipunguza fremu kunapokuwa na giza na kuziongeza mwanga unaporudi, hivi kwamba katika video hiyo fremu ya 900 haikupi uhakika wowote kwamba upo kwenye sekunde ya 30. Programu ya kutazama haisumbuki na hilo. Programu ya kukagua inapaswa kuligundua faili likifunguliwa tu, kumwonya mtumiaji, na kumpa namba zote tatu kwa pamoja: fremu, msimbo wa saa na sekunde. Iwapo pia inamruhusu kuchagua klipu ianze kuhesabiwa wapi, ndio vizuri zaidi, maana studio nyingi za madoido ya picha huanzia 1001 ili zikilazimika kuongeza fremu mwanzoni zisiangukie kwenye namba hasi. Ningekuwa na kipengele hiki kimoja siku ile ya kikombe, saa yangu ningekuwa nimeiokoa.

Rangi inaweza kula makala nzima, kwa hiyo nitaigusa palipo na kidonda. Katika video ya kawaida ya biti 8, nyeusi huhifadhiwa kama 16 na nyeupe kama 235, wakati katika picha za kompyuta nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255. Faili huwa na alama inayosema ni utaratibu upi uliotumika, na alama hiyo ikikosekana au ikisomwa vibaya, programu moja itaonyesha usiku wa kijivu uliopauka na nyingine itaonyesha giza lililomeza kila undani wa vivuli. Watu wawili wenye macho mazima wataandika maoni yanayopingana, na wote watakuwa wakweli. Kwa sababu hiyo, kuungwa mkono kwa OpenColorIO, mfumo wa kusimamia rangi ulioanzia Sony Pictures Imageworks, naliona kuwa sharti la chini kabisa kwa programu yoyote inayojiita ya ukaguzi. Ila kuunga mkono pekee hakutoshi. Ninachotaka kuona ni jina la ubadilishaji wa rangi unaotumika likiwa wazi kwenye skrini, na likihifadhiwa pamoja na kila maoni yanayoandikwa, ili anayesoma «uso umekuwa wa njano mno» ajue uso huo ulitazamwa kupitia dirisha gani.

Vipengele vya kulinganisha matoleo mawili ya klipu vimekuwa bora sana siku hizi, na sina mengi ya kulalamikia. Pazia linalovutwa na kipanya kutoka toleo la jana hadi la leo limeeleweka na kila mtu. Kilicho na nguvu zaidi, na kinachotumika kidogo kuliko kinavyostahili, ni ulinganishaji wa kutoa: programu inaitoa picha moja kutoka kwa nyingine, pikseli kwa pikseli, na kuonyesha kilichobaki. Ikiwa matoleo yanafanana kabisa, skrini inakuwa nyeusi tii. Nakumbuka nikiwa nimeambiwa kwamba kilichobadilishwa ni kivuli cha kiti tu. Nikawasha ulinganishaji huo, na kwenye weusi ule kivuli kikajitokeza kweli kama ukungu mwepesi, lakini juu kulia, mbali na kiti, palikuwa na alama ndogo yenye umbo la mwezi mchanga. Ilikuwa ukingo wa taa ambao mtu aliusogeza kwa bahati mbaya alipokuwa akifanya kazi nyingine. Jicho tupu lisingeuona kwa siku tatu.

Sasa tuje kwenye maoni yenyewe, yaani maandishi na michoro ambayo mkaguzi huiweka juu ya fremu. Karibu kila toleo jipya linaongeza kalamu, rangi, mishale, na uwezo wa kuiona kwa kufifia michoro ya fremu za jirani. Hivyo vyote ni vizuri. Swali ninalolibeba ni kwamba maoni hayo yanaishi wapi, na nani anaweza kuyasoma siku usajili ukikatika. Huduma ya Frame.io, iliyowazoesha watu wengi kuandika maoni moja kwa moja juu ya video ndani ya kivinjari, ilinunuliwa na Adobe mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.275, na bei hiyo inaonyesha jinsi soko linavyoyathamini mazungumzo yanayozunguka video. Sidai kwamba kuna aliyedhulumiwa. Nasema tu kwamba historia ya maamuzi ya kazi, nani alisema nini kuhusu fremu ipi na kwa nini ikabadilishwa, ni mali ya walioifanya kazi hiyo, na programu isiyoweza kuitoa historia hiyo nje kwa muundo unaosomeka kwingine imeigeuza kuwa rehani.

Katika hili kuna habari njema ambayo haikupigiwa ngoma kiasi ilichostahili. RV, programu ya ukaguzi iliyotengenezwa na Tweak Software na kuzoeleka katika studio za madoido ya picha, ilinunuliwa na Autodesk mwaka 2015, kisha mwanzoni mwa 2023 msimbo wake mkuu ukatolewa kama chanzo huria, yaani wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia, kwa jina la Open RV. Studio ya DNEG nayo ilitoa xSTUDIO, programu iliyokuwa ikiitumia yenyewe. Zote mbili zimewekwa chini ya Academy Software Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2018 na akademia ya filamu inayotoa tuzo za Oscar kwa kushirikiana na Linux Foundation. Taasisi hiyo hiyo inalea OpenTimelineIO, muundo uliotoka Pixar wa kubadilishana mpangilio wa klipu kati ya programu tofauti. Washindani walioamua kuweka mezani zana zao za kuchezesha video wamekubali, kwa vitendo, kwamba hakuna faida ya kibiashara katika kila studio kuwa na namna yake ya kuhesabu fremu. Natamani maoni na michoro navyo vipate muundo wa pamoja unaoheshimiwa na kila programu, maana leo mshale uliouchora katika programu moja mara nyingi hufika kwenye nyingine ukiwa umehama, umebadilika ukubwa, au haupo kabisa.

Ukaguzi wa pamoja kwa watu walio mbali umegawanyika katika njia mbili, na matangazo huzizungumzia kana kwamba ni moja. Njia ya kwanza ni kuirusha picha: mmoja anachezesha, wengine wanapokea mkondo wa video kupitia intaneti. Ni rahisi na haidai maandalizi, lakini kila mpokeaji anapata picha iliyobanwa kulingana na nguvu ya mtandao wake, na mwenye mtandao dhaifu ataripoti ukungu ambao hauko kwenye faili. Njia ya pili ni kila mtu kuwa na nakala kamili ya faili kwenye kompyuta yake, na kinachosafiri mtandaoni kiwe amri tu: chezesha, simama, nenda fremu ya 212, chora mstari hapa. Amri hizo ni baiti chache, hata mtandao mbovu unazibeba. Programu ya cineSync, iliyozaliwa Australia, ilijengwa juu ya wazo hilo, na watengenezaji wake walipewa tuzo ya kiufundi ya akademia hiyo ya Oscar mwaka 2011. Mimi niko upande wa njia ya pili bila kigugumizi pale ambapo uamuzi wa mwisho unafanywa. Ina usumbufu wake, kwani faili lazima lifike kwanza kwa kila mtu na wenye kuogopa kuvujisha kazi wana haki ya kuogopa, lakini ikitumika, mabishano yanakuwa juu ya picha na hayageuki kuwa juu ya mtandao.

Nimeiacha akili mnemba mpaka hapa kwa makusudi, kwa kuwa inahitaji kukatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kile kinachosaidia kutafuta: kugeuza maneno yaliyosemwa kuwa maandishi, kutambua mahali klipu moja inapokatwa na nyingine kuanza, kukusanya pamoja maoni yanayozungumzia jambo moja. Tangu OpenAI ilipoitoa Whisper, programu yake ya kunukuu sauti, kama chanzo huria mwaka 2022, kunukuu sauti kumewezekana ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe bila kuipeleka video kwenye seva ya mtu, na VideoLAN ilipoonyesha mwaka 2025 manukuu yanayozalishwa ndani ya VLC ilifuata mkondo huo wa kubaki kwenye mashine. Maandishi hayo hukosea, hasa majina na lugha ambazo mifumo imezisikia kidogo, lakini kosa lake halina madhara makubwa: likikupeleka mahali pasipo penyewe, unaona mara moja kwamba si penyewe. Picha haijaguswa.

Kipande cha pili kinagusa picha, na hapo ndipo nasimama. Matoleo mapya yanatangaza kunoa picha iliyofifia, kuikuza kutoka ubora mdogo hadi 4K, na kulainisha mwendo wa polepole kwa kubuni fremu ambazo kamera haikuzipiga. Kwa mtazamaji hayo ni hiari yake. Kwa mkaguzi ni sawa na shahidi anayejazia kwa kubuni pale alipopitiwa na usingizi. Fikiria mchezo wa mpira uliorekodiwa kwa fremu 50 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya fremu moja na inayofuata, na kati ya fremu hizo mbili kamera haijui chochote. Programu inayobuni fremu ya kati itamwonyesha mchezaji akiwa mahali fulani kwa usafi wa kuvutia, na mstari wa kuotea utachorwa juu ya mguu ambao haujapigwa picha na yeyote. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, FIFA ilipotaka kuujua kwa usahihi zaidi wakati hasa wa mpira kuguswa, iliweka ndani ya mpira kihisi kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, yaani iliongeza kipimo. Kubuni hakuongezi kipimo chochote. Kunaongeza ujasiri wa anayetazama, na ujasiri usio na msingi ni hasara tupu katika chumba cha ukaguzi. Kama ni lazima vipengele hivyo viwepo, viwe vimezimwa mpaka mtu aviwashe mwenyewe, na kila fremu iliyobuniwa iwe na alama isiyofutika.

Mimi nina faili langu dogo la majaribio ambalo hulifungua katika kila toleo jipya kabla sijasoma tangazo lake. Lina fremu 240, kila moja ina namba yake imechorwa katikati kwa tarakimu kubwa. Fremu ya 100 ni nyeupe tupu na inaambatana na mlio mmoja mfupi. Pembeni kuna ngazi ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Nalichezesha mbele, nalirudisha nyuma kwa kushikilia J, nagandisha kwenye weupe na kusikiliza kama mlio umeangukia hapo, kisha nahesabu ngazi za kijivu. Inachukua dakika mbili. Toleo nililolijaribu mwisho lilikuja na msaidizi wa mazungumzo, vichujio kumi na viwili na sura mpya ya menyu, na lilipita majaribio yote isipokuwa moja: nilipofika mwisho wa faili, picha iliganda kwenye 239. Nilibonyeza tena na tena, nikajaribu kipanya, nikajaribu kuandika namba kwa mkono. Fremu ya 240 ipo ndani ya faili, programu nyingine inaionyesha bila shida, na kihesabu cha toleo hilo chenyewe kimeandika kwamba jumla ya fremu ni 240.